Tangi jipya siku ya tisa, amonia 4 na goldifishi watatu wameshakufa, nifanyeje?

MamaZuu_Mbagala:

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu na samaki wa mapambo maana nimechanganyikiwa kabisa. Nimenunua tangi la kioo, urefu sentimita 60, upana 35, kimo 40, lina filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, changarawe nyeupe na miti miwili ya plastiki. Aliyeniuzia aliniambia jaza maji, yaache yalale siku moja, kesho yake weka samaki. Nikafanya hivyo hivyo. Niliweka goldifishi watano, wanangu walishawapa majina kwenye daladala kabla hata hatujafika nyumbani.

Siku ya nne mmoja akawa anakaa juu kabisa ya maji, mdomo wazi, anahema haraka haraka, mashavu mekundu. Asubuhi tukamkuta kalala chini. Siku ya sita wawili tena. Na maji ni meupe kama ya chupa, hayanuki, unaona mpaka ukuta wa nyuma, ndo maana sielewi kinachowaua ni nini.

Shemeji yangu kanipa boksi lake la vipimo vya maji la kampuni ya API, ile ya vichupa vya matone. Leo siku ya tisa nimepima: amonia imetoka kijani iliyokolea, nikilinganisha na kadi ni 4 ppm (miligramu 4 kwa lita). Nitriti bluu ya mwanga, yaani 0. Nitrati imetoka njano, 0. pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) 8. Joto 28 bila hita. Maji nilijaza nusu ya bomba nusu ya kisima cha jirani maana bomba kwetu linatoka mara mbili kwa wiki.

Wamebaki wawili. Niwatoe? Nimwage maji yote? Mdogo wangu wa mwisho kila akitoka shule anakimbilia kwenye tangi kuhesabu, nimechoka kumtafutia maneno.

Kaka_Jumapili:

Pole sana dada. Mimi nina tangi miaka miwili, ninachofanya kila Jumapili namwaga maji yote, naosha changarawe na sponji kwa sabuni mpaka ziteleze, najaza upya. Maji machafu ndo yanaua samaki. Fanya hivyo leo hii.

FundiVioo:

Mama Zuu pole. Naomba usifanye alichosema Kaka Jumapili, na yeye namuomba asome mpaka mwisho, naongea kwa nia njema kabisa.

Samaki wako hawajauawa na uchafu unaouona. Samaki anatoa amonia kwenye mashavu yake kila anapohema, na kinyesi na chakula kilichobaki vikioza vinatoa amonia nyingine. Ziwani au mtoni hiyo amonia inamezwa na maji mengi na bakteria waliojaa kwenye kila jiwe. Kwenye tangi jipya hao bakteria hawapo. Amonia haina rangi, na kwa kiwango hicho pua yako haiisikii, kwahiyo maji yanaweza kung'aa huku samaki anaungua mashavu.

Kinachotakiwa ni tangi likomae. Kuna bakteria wanaokula amonia na kuitoa kama nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu kuna wengine wanaokula nitriti na kuitoa kama nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa chini ya 40 hivi, mimi napenda isizidi 20. Kundi la kwanza likishajenga ndipo la pili linapata chakula, ndo maana kazi nzima huchukua wiki nne mpaka sita kwa joto letu. Wewe siku ya tisa una amonia 4, nitriti 0, nitrati 0, maana yake hata kundi la kwanza bado halijaamka vizuri.

Hao bakteria hawaogelei kwenye maji, wameng'ang'ania kwenye sponji, changarawe na vioo. Ukiosha sponji kwa sabuni au kwa maji ya bomba yenye klorini umewaua wote unaanza moja. Kaka Jumapili tangi lako kila Jumapili linazaliwa upya, na kama samaki wako wanaishi ni kwa sababu unamwaga amonia kabla haijafika juu, ila nakuhakikishia Ijumaa na Jumamosi wanateseka.

Sasa cha kufanya usiku huu. Hesabu maji kwanza: 60 mara 35 mara kina cha maji, tuseme 36, gawa kwa 1000, unapata kama lita 75. Toa nusu, rudisha nusu ya joto lile lile, yaliyowekwa dawa ya kuondoa klorini au yaliyolala wazi saa 24 na jiwe la hewa (lile la kutolea mapovu ya pampu) ndani. Amonia itashuka mpaka 2. Kesho nusu tena, itakuwa kama 1. Chakula wape punje chache kila baada ya siku mbili, goldifishi hafi njaa wiki moja. Sponji usiiguse.

Halafu pima maji ya bomba peke yake, na ya kisima peke yake, kabla hujayaweka popote. Utuletee namba.

Mwamba_Kigoma:

Fundi kaeleza vizuri, naongezea la pH kwa sababu watu hulisahau. Kipimo cha matone kinakupa amonia yote kwa pamoja, lakini ndani yake kuna ya aina mbili, moja ina chaji ya umeme na haina madhara makubwa, nyingine haina chaji ndo inayopenya kwenye mashavu. Mgao wake unategemea pH na joto. Kwa joto la 28, pH ikiwa 7 ile ya sumu haifiki hata asilimia 1. pH ikiwa 8 kama ya Mama Zuu inakuwa karibu asilimia 7. Yaani namba moja tu ya pH na sumu imezidi kama mara kumi, huku kipimo kinasoma 4 ile ile.

Huku kwetu tunaishi na Ziwa Tanganyika, maji yake ni karibu pH 9, na samaki wake kama Tropheus na Julidochromis wamezoea hiyo hiyo. Ukimfuga Tropheus kwenye maji ya pH 9 zaidi ya theluthi ya amonia inayoonekana kwenye kipimo ni ile ya sumu. Kwahiyo sisi hatuna cha kusema "amonia ni 0.5 tu". Kwetu 0.5 ni kuamka usiku kubadilisha maji. Nimewahi kupoteza Tropheus duboisi kumi na moja kwa usiku mmoja kwa sababu umeme ulikatika, pampu ikasimama, na nilikuwa nimelisha sana jioni ile. Mpaka leo jioni nalisha kidogo.

Usijaribu kushusha pH kwa ndimu wala siki, itashuka usiku na kupanda asubuhi na kupanda na kushuka huko kunaua kuliko 8 iliyotulia.

MamaZuu_Mbagala:

Asanteni sana sana. Nusu ya maji nimeshabadilisha jana usiku na leo asubuhi. Wale wawili wameshuka chini wanachokonoa changarawe, mmoja ana doa jeusi jipya pembeni ya pezi, ni ugonjwa?

Namba: bomba amonia 0, nitriti 0, nitrati 0, pH 7.4. Kisima amonia 0, nitriti 0, nitrati... nimepima mara ya kwanza 0, shemeji akanipigia akaniambia nimekosea, nikarudia ikatoka nyekundu, kama 40! Sielewi kwanini zimetofautiana hivyo.

FundiVioo:

Shemeji yuko sahihi na hapa ndo wengi wanadanganywa na boksi lao wenyewe. Kipimo cha nitrati kina chupa mbili. Ya pili ina unga unaotulia chini na kuganda, bila huo unga kupanda juu rangi haitoki. Kamata chupa ya pili, igongegonge mezani, itikise kwa nguvu sekunde 30 kama unatikisa dawa ya maji ya mtoto. Maji mililita 5 kwenye tyubu, matone 10 ya chupa ya kwanza, pindua tyubu mara chache, matone 10 ya chupa ya pili, tikisa tyubu dakika nzima kwa saa, siyo kwa kukadiria, halafu isubiri dakika 5. Shika chupa wima kabisa unapodondosha, ukiilaza tone linakuwa dogo. Na rangi isome mchana karibu na dirisha, nyuma ya tyubu weka karatasi nyeupe, maana taa ya njano ya sebuleni inageuza kijani cha amonia unaiona njano, unalala ukijua mambo safi.

Amonia ni matone 8 na 8, dakika 5. Nitriti ni matone 5 ya chupa moja tu, dakika 5.

Jambo lingine, nitriti ikiwa juu usiiamini nitrati kabisa. Kile kipimo kinafanya kazi kwa kuigeuza nitrati kuwa nitriti kisha kuipaka rangi, kwahiyo nitriti iliyokuwepo tayari nayo inahesabiwa humo humo.

Doa jeusi kwa goldifishi aliyetoka kwenye amonia mara nyingi ni kidonda kinachopona, ngozi inaweka rangi pale palipoungua. Muangalie tu, usimwage dawa.

Kisima nitrati 40, achana nacho kwa tangi. Visima vifupi vya mjini karibu na vyoo vya shimo vinapata nitrati kutoka chini ya ardhi. Na kama jirani ana mtoto mchanga anayenyonya chupa mwambie maji hayo yasitumike kukoroga maziwa yake, kuyachemsha hakuondoi nitrati, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua. Hilo ni zito kuliko samaki.

Kingine, niko Tabata, nina tangi lina miaka mitatu halijaugua karibuni. Nikupe sponji yangu moja? Hiyo inapunguza wiki kadhaa.

Shamba_la_Sato:

Naomba niingie, mimi ni mfugaji wa sato Mwanza, amonia ndo adui yetu wa kila siku kwenye vitotoleo. Hii ni kwa wanaosoma ambao bado hawajaweka samaki, nyie mna bahati, msianze na samaki kabisa. Lisheni filta amonia bila samaki ndani.

Wengi wanatupia kamba mmoja mbichi kwenye soksi ya nailoni aoze, inafanya kazi ila inanuka na hujui umeweka kiasi gani. Sisi tunatumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia), ile nyeupe ya chumvichumvi kwenye maduka ya pembejeo, ina nitrojeni asilimia 21 na yote ni amonia. Pima gramu 8, mimi naenda kwa sonara mwenye mizani ndogo, koroga kwenye lita 1 ya maji. Mililita 100 za mchanganyiko huo kwenye tangi la lita 100 zinapandisha amonia karibu 2 ppm. Usipitilize, ukienda 8 au 10 bakteria wenyewe wanadumaa. Kila ikishuka 0 unaweka tena. Siku ukiweka 2 jioni na kesho jioni amonia na nitriti zote ni 0, tangi limekomaa, toa maji mengi kupunguza nitrati ndo ulete samaki.

Msitumie UREA, lazima kwanza ivunjwe ndo iwe amonia kwahiyo kipimo kinakuchanganya siku za mwanzo. Mbolea ya CAN ndo kabisa, nusu ya nitrojeni yake ni nitrati tayari, utadhani tangi limekomaa siku ya kwanza. Na hii mbolea usiweke kwenye tangi lenye samaki, Mama Zuu hii siyo yako.

Mvua_Bukoba:

Mimi niliteseka miezi miwili nikidhani bakteria wa Bukoba wana tatizo. Amonia ilishuka vizuri mpaka 1 halafu ikagoma hapo wiki tatu. Nitriti haishuki. Kumbe natumia maji ya mvua ya kwenye bati, laini mno, hayana chokaa. Bakteria wanapokula amonia wanatumia alkali ya maji, kama miligramu 7 kwa kila miligramu 1 ya nitrojeni, na maji ya mvua hayana akiba hiyo. pH ilikuwa imeporomoka mpaka 6 na mimi sijaipima hata siku moja kwa sababu boksi langu nilinunua vichupa vya amonia na nitriti tu. Wakifika pH 6 wanakaribia kusimama kazi.

Nilifunga ngumi moja ya chokaa ya chakula cha kuku kwenye kitambaa nikaining'iniza mbele ya filta, siku tano pH 7.2, wiki iliyofuata kila kitu 0. Narudia, CHOKAA YA CHAKULA CHA KUKU, siyo ile ya kupaka ukuta, ile ya ukuta itapandisha pH kwa dakika na kuua kila kitu.

Kaka_Jumapili:

Nimesoma yote. Fundi naomba nikuulize kwa heshima, ukisema nisioshe sponji si itaziba? Yangu ikikaa wiki mbili mapovu hayatoki vizuri. Na zile chupa za bakteria zinazouzwa nikinunua siwezi kuruka hizi wiki zote?

FundiVioo:

Sponji inaoshwa kaka, ila ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini humo humo. Minya mara tatu nne, itatoka tope la kahawia, rudisha. Kama una mbili osha moja, nyingine wiki ijayo. Lile tope la kahawia usilichukie, ndo limebeba hao bakteria.

Chupa zinatofautiana sana. Zamani vitabu vilisema anayekula nitriti ni Nitrobacter na chupa nyingi zikawekwa huyo. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walichunguza matangi ya maji baridi wakakuta anayefanya kazi hiyo ni Nitrospira. Kwahiyo soma lebo. Halafu ni viumbe hai, chupa iliyokaa kwenye kontena bandarini na baadaye kwenye rafu yenye jua dukani, mimi siiwekei matumaini. Sponji iliyotumika ni ya uhakika zaidi na ni bure, mradi tangi ilikotoka halina ugonjwa, maana na ugonjwa wa madoa meupe unasafiri nayo.

MamaZuu_Mbagala:

Siku ya 13. Sponji ya Fundi imefika na bodaboda kwenye kindoo chenye maji kidogo na mfuniko umeachwa wazi kama alivyoelekeza, nimeiweka kando ya ya kwangu. Mungu akubariki kaka yangu.

Siku ya 17: amonia 0.5, nitriti zambarau!! kadi inasema 2. Nimeogopa.

Mwamba_Kigoma:

Usiogope dada, hiyo ni dalili kwamba kundi la kwanza linafanya kazi. Ila nitriti inaingia kwenye damu ya samaki, damu inageuka kahawia na haibebi hewa, utamuona anahema hata kama pampu inavuma. Badilisha nusu ya maji, na weka kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya mawe isiyochanganywa na kitu, ikoroge pembeni kwanza. Kwa lita 75 kinatosha, ile kloridi ya chumvi inashindana na nitriti mlangoni pale kwenye mashavu. Ukibadilisha maji rudishia chumvi ya kiasi ulichotoa, usizidishe. Kama una konokono au mimea ya kweli wangekuwa na shida kwa chumvi nyingi, wewe huna.

MamaZuu_Mbagala:

Siku ya 21, amonia 0, nitriti 1.
Siku ya 24, umeme ulikata saa tano, nilikuwa nachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu yapate hewa, wanangu wakapokezana, sponji tuliiacha humo humo majini ila tunaitikisa.
Siku ya 27, amonia 0, nitriti 0.25.
Siku ya 29, amonia njano kabisa, nitriti bluu, nitrati 20 (nimetikisa chupa mpaka mkono umeuma). Nimerudia leo siku ya 30, vile vile.

Wawili wazima, yule mwenye doa jeusi doa linafifia. Naweza kuongeza watatu tuwe kama mwanzo?

FundiVioo:

Hongera sana. Watatu hapana. Bakteria ulio nao wametosha kwa uchafu wa samaki wawili, ukileta watatu ghafla amonia inarudi. Na kwa lita 75 hata hao wawili wakikua watabanwa, goldifishi wa mkia mmoja anafika sentimita 30, kwahiyo mimi ningebaki na hao hao na kuanza kuweka akiba ya tangi kubwa. Kama watoto wanataka wengi, weka gapi, wale samaki wadogo, kwenye tangi lao dogo la pembeni, na safari hii sponji ya kuanzia unayo mwenyewe. Badilisha robo ya maji kila wiki, ya bomba, na pima nitrati kila Jumamosi kwa mwezi mmoja hivi mpaka uijue mwendo wake.

MamaZuu_Mbagala:

Sawa Fundi, tunabaki wawili. Ile sponji yako nakurudishia lini, au nimpe Kaka Jumapili?

Kaka_Jumapili:

Nipo Temeke, nakuja kuichukua Jumapili na kindoo changu.